Kutoka Tuta la Bahari hadi Bomani: Historia ya Dithmarschen

Katikati ya mji wa Heide, kaskazini mwa Ujerumani, pana uwanja wa soko wenye ukubwa wa karibu hektari 5. Mji wenyewe ni wa watu elfu ishirini na kitu tu. Siku ya Jumamosi wachuuzi hupanga meza zao za samaki, jibini, maua na viazi, na bado nafasi hubaki tele. Mgeni akiutazama hudhani aliyeuchora alikosea vipimo. Hakukosea. Uwanja ule ulikuwa baraza la nchi kabla haujawa soko la mji, na waliokuja kukaa pale walikuwa wakulima wenye silaha, kutoka parokia moja baada ya nyingine, wakiamua mambo yao bila ya kumsubiri mtawala yeyote.

Heide leo ni makao makuu ya wilaya ya Dithmarschen, katika jimbo la Schleswig-Holstein. Wilaya ina kilomita za mraba 1,400 na zaidi kidogo, na wakazi wapatao 133,000. Magharibi kuna Bahari ya Kaskazini, kaskazini mto Eider, kusini mto Elbe, na mashariki kuna mfereji mkubwa wa meli unaokwenda Kiel. Kwa hiyo kuingia Dithmarschen ni kuvuka maji, utokee upande wowote ule. Jambo hilo limewafaa wenyeji mara nyingi, na mara nyingine limewaponza.

Ardhi yake ni ya aina mbili. Ndani kuna miinuko ya mchanga, si mirefu, yenye mashamba ya kawaida na misitu midogo. Kuelekea baharini kuna bonde la udongo wa mfinyanzi lililo sawa kama sakafu, lenye rutuba ya ajabu, na sehemu zake kadhaa ziko chini ya kiwango cha maji kujaa. Bonde hilo halikuwapo hivyo tangu asili. Wakulima walilinyang'anya kutoka baharini kipande kwa kipande kwa kujenga matuta ya udongo, kuchimba mitaro, na kuweka milango ya maji inayofunguka wakati wa kupwa ili maji ya mvua yatoke, na kujifunga wakati wa kujaa ili chumvi isiingie.

Utawala wa huku chanzo chake ni tuta hilo. Tuta la bahari halina mwenyewe mmoja. Likibomoka mbele ya shamba lako, linalozama ni shamba langu pia, na la yule aliye nyuma yangu. Kwa hiyo kila mwenye shamba alipimiwa kipande chake cha tuta akitunze, na wakaguzi walipita kukiangalia. Pwani yote hii ilikuwa na sheria moja kali: mtu aliyeshindwa kabisa kutunza kipande chake alichomeka sepetu yake juu ya tuta na kuondoka. Aliyeing'oa sepetu ile alichukua shamba na mzigo wake kwa pamoja. Hapakuwa na fidia wala nafasi ya kurudi kudai. Ukali wake unaeleweka, kwa sababu mzembe mmoja aliweza kuwazamisha majirani wote usiku mmoja.

Kazi ya namna hiyo hukusanya watu. Katika Dithmarschen waliokusanyika walikuwa koo. Ukoo ulijenga tuta, ukamlinda mtu wake mahakamani, ukalipa damu yake au kuilipiza. Juu ya koo zilikaa parokia. Kanisa mama lilikuwa Meldorf, na lilikwishajulikana hivyo katika karne ya 11, wakati mwanahistoria Adam wa Bremen alipoliandika. Kadiri bonde lilivyojaa watu, parokia nyingine zilizaliwa, na kila moja ikawa na waamuzi wake, kodi yake, na kikosi chake cha vita. Padri aliongoza ibada. Hesabu na silaha zilikuwa mikononi mwa wakulima.

Mabwana hawakukosekana. Mwanzoni palikuwa na makabaila wa Stade. Mmoja wao, Rudolf, aliuawa na wakulima mwaka 1144 katika ngome yake iliyokuwa mahali panapoitwa Burg leo. Wenyeji husimulia kwamba walimletea kodi ya nafaka, na ndani ya magunia walikuwamo watu wenye visu. Kisa cha magunia ni hadithi. Kifo cha kabaila ni historia. Kisha alikuja mfalme wa Denmark. Mwaka 1227, katika vita vya Bornhöved, Wadithmarschen waliokuwa wamepangwa upande wake walimgeuka katikati ya mapigano. Baada ya hapo walimkubali Askofu Mkuu wa Bremen kuwa bwana wao, naye alikuwa bwana aliyewafaa hasa: yuko mbali, ng'ambo ya Elbe, na nguvu za kuwaingilia hana. Nadhani walimchagua kwa sababu hiyohiyo.

Makabaila wa Holstein, majirani wa mashariki, walijaribu kuiteka nchi mwaka 1319 wakashindwa Wöhrden, na walijaribu tena mwaka 1404 wakashindwa vibaya zaidi: Duke Gerhard wa Schleswig aliuawa njiani akirudi na mateka. Wadithmarschen walijua kushinda. Kilichowasumbua ni kuishi pamoja baada ya ushindi, maana koo ziliendelea kulipizana visasi na kila parokia ilivutia kwake.

Ndipo mwaka 1447 wakafanya mambo mawili. Waliandika sheria za nchi, na wakaweka mahakama ya watu 48 juu ya parokia zote. Watu hao walikuwa waamuzi, mabalozi na serikali, yote kwa pamoja, na walikutana Heide, mahali palipokuwa uwanda mtupu tu, kwa kuwa palikuwa kati. Meldorf yenye kanisa kubwa na historia ndefu ikapitwa na uwanda ule. Ushindani wa miji hiyo miwili haukwisha kwa miaka 500 iliyofuata.

Vitabu vingi huiita Dithmarschen ya wakati huo jamhuri ya wakulima, na jina hilo si la uongo. Lakini wakulima gani? Wale 48 walishika kiti maisha yao yote, na walitoka katika nyumba chache za bonde la udongo, zenye mashamba makubwa, nafaka ya kuuza nje, na urafiki na wafanyabiashara wa Lübeck. Kibarua asiye na ardhi hakuwa na sauti katika uwanja wa Heide. Mkulima wa kule kwenye mchanga alikuwa nayo kidogo. Hii ilikuwa serikali ya matajiri wa kijijini, waliokataa kuwa na tajiri mwingine juu yao. Bado, kwa Ulaya ya karne ya 15, ambako katika sehemu nyingi mkulima wa kawaida alikuwa chini ya bwana mwenye ardhi, hilo si jambo dogo.

Wafalme wa Denmark, ambao sasa walikuwa pia watawala wa Holstein, hawakulikubali. Mwaka 1473 Mfalme Christian wa Kwanza alipata hati kutoka kwa Kaisari Friedrich wa Tatu ikimpa Dithmarschen. Wakulima nao walikwenda na hati zao, wakadai wao ni wa Bremen, na kesi ikavutwa miaka mingi hadi Kaisari mwenyewe akaifuta hati yake. Mfalme Hans, mwana wa Christian, hakutaka tena karatasi. Alimchukua ndugu yake Friedrich, wapiganaji wa tabaka la makabaila wa Holstein, askari wa miji, na kikosi cha mamluki kilichoitwa Kikosi Cheusi, watu wapatao 4,000 chini ya Thomas Slentz, ambao vita vilikuwa biashara yao. Jeshi zima hukadiriwa kuwa watu 12,000.

Februari 1500 waliingia. Tarehe 13 walitwaa Meldorf na kuwaua wakazi waliobaki humo, wazee na wagonjwa wakiwamo. Kisha walipumzika siku chache, na asubuhi ya tarehe 17 wakaanza safari ya Heide. Wengine walimwambia mfalme asiondoke siku ile. Barafu ilikuwa imeyeyuka, upepo wa magharibi ulipiga, mvua ya theluji ilianguka machoni mwa askari. Njia ilikuwa moja tu, nyembamba, yenye mitaro pande zote mbili, na imekwisha kuwa tope. Msafara ulikuwa mrefu: mamluki mbele, askari wa miguu nyuma yao, kisha wapanda farasi wenye dirii, kisha magari ya kubebea nyara ambazo hazijapatikana bado.

Karibu na Hemmingstedt, usiku, wakulima walikuwa wamejenga boma la udongo la kukatiza njia hiyo na kupachika mizinga. Kiongozi wao pale alikuwa Wulf Isebrand. Mizinga ilipolia, Kikosi Cheusi kilisimama, na kilipotaka kujipanga kwa mapana hakikuweza. Kushoto maji, kulia maji. Mamluki walijaribu kuvuka mitaro kwa mikuki na mbao. Wakulima, waliozaliwa kwenye mitaro hiyo, waliruka juu yake kwa fito ndefu kama walivyofanya kila siku wakienda kukamua ng'ombe, wengi wao pekupeku na bila dirii. Wakati huohuo milango ya maji ilikuwa imefunguliwa. Bahari ilipojaa, maji yalipanda mashambani taratibu, kisha njiani.

Slentz aliuawa na kikosi chake kikavunjika. Mauaji makubwa zaidi yalitokea nyuma, kwa wapanda farasi. Hawakuweza kugeuka kwa sababu magari yaliziba njia, na mtu mwenye dirii akianguka kwenye tope hainuki. Kwa muda wa saa chache tu, nyumba nyingi za makabaila wa Holstein zilipoteza baba na watoto wa kiume. Mfalme na ndugu yake waliponea chupuchupu. Bendera ya Denmark ilitekwa na kutundikwa kanisani.

Huo ndio wakati wa sifa, nao ulidumu miaka 59. Si sifa tupu. Desemba 1524 mhubiri wa mageuzi ya kanisa, mtawa wa zamani aliyeitwa Heinrich von Zütphen, alialikwa kuhubiri Meldorf. Wapinzani wake, wakiwamo baadhi ya wale 48, walikusanya umati wa wakulima waliokwisha kunywa pombe. Walimtoa kitandani usiku, wakamvuta miguu mitupu juu ya barafu hadi Heide, na kesho yake wakamchoma moto. Mahakama halali iliyojivuniwa sana haikumsikiliza. Haukupita muongo mmoja, nchi nzima ikayapokea mafundisho yaleyale aliyouawa kwa ajili yake.

Waliposhindwa hatimaye, walishindwa na watu waliokuwa wamejifunza. Mwaka 1559 Mfalme Friedrich wa Pili wa Denmark na maduke wawili wa ukoo wake walimpa uongozi mzee Johann Rantzau, ambaye hakuja Februari. Alikuja mwisho wa Mei, tope likiwa limekauka, na akagawa jeshi ili wakulima wasijue pigo litatoka wapi. Meldorf ilianguka mapema Juni, Heide siku chache baadaye, na tarehe 20 Juni mkataba wa kusalimu amri ulifungwa. Waliobaki walikabidhi silaha na kuapa utii wakipiga magoti.

Hapo ndipo historia hii, kwangu, inapoanza kuvutia kweli. Washindi waliigawa nchi, kwanza mafungu matatu, na baada ya mwaka 1581 mawili: kaskazini ya Duke wa Gottorf, kusini ya mfalme. Wakaweka mwakilishi wao juu ya kila upande. Lakini hawakugawa mashamba kwa makabaila, na hawakuzivunja parokia. Wangezivunja vipi? Nani angejua kipande gani cha tuta ni cha nani, mtaro upi umeziba, nani hajalipa? Mwaka 1567 sheria za nchi ziliandikwa upya, nazo zilitumika katika mambo ya urithi, ardhi na ndoa hadi mwaka 1900, Ujerumani ilipopata sheria moja ya madai kwa taifa zima. Wale 48 walisahaulika, na parokia zikaendelea.

Kila parokia sasa ilikuwa na msimamizi wake, aliyekuwa hakimu mdogo, mkusanya kodi na mkuu wa polisi kwa pamoja. Ofisi yake tunaijua kwa undani kwa sababu karani wake mmoja alikuja kuwa mwandishi mkubwa. Friedrich Hebbel alizaliwa Wesselburen mwaka 1813, mtoto wa fundi mwashi maskini. Baba alipokufa, msimamizi wa parokia, Bwana Mohr, alimchukua kijana huyo kama mtumishi wa kutumwa huku na kule, kisha karani. Alinakili hukumu, aliandika maelezo ya wezi wa kuku na wajawazito waliotelekezwa, na usiku alilala chini ya ngazi, kitanda kimoja na mwendesha farasi. Vitabu vya tajiri wake alivisoma vyote. Aliondoka mwaka 1835 na kinyongo ambacho hakikumtoka maisha yake yote, na ukisoma tamthilia zake unaona wazi kwamba alijua mahakama inavyonuka kwa ndani.

Meldorf nayo ilikuwa na karani wa aina nyingine. Mwaka 1778 alifika Carsten Niebuhr, mtu pekee aliyerudi hai kutoka msafara wa kisayansi uliotumwa Uarabuni na mfalme wa Denmark mwaka 1761. Alikuwa amechora ramani ya Yemen, amefika Maskati mwaka 1765, amenakili maandishi ya kale ya Persepolis ambayo wataalamu baadaye waliyatumia kufumbua maandiko ya Waajemi. Angeweza kuishi mjini Copenhagen kwa heshima. Akachagua kuwa mwandishi wa hesabu za Dithmarschen ya Kusini, na akaifanya kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1815.

Prussia ilipoitwaa Schleswig-Holstein, mwaka 1867 kila upande ukawa wilaya kamili: Dithmarschen ya Kaskazini bomani kwake Heide, ya Kusini bomani kwake Meldorf. Mkuu wa wilaya akawa mtumishi wa Berlin. Mwaka 1895 Kaisari Wilhelm wa Pili alifungua mfereji wa meli, na Brunsbüttel, kijiji cha matuta, kikawa lango la bahari mbili.

Katika miaka hiyo wilaya ya Kusini ilipata kipande ambacho wasomaji wa Afrika Mashariki wanakijua kwa jina. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao vitabu vyetu vya shule huuita wa Helgoland. Ujerumani iliacha madai yake ya Witu na kukubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza; yenyewe, pamoja na mambo mengine, ikapata kisiwa cha Helgoland. Watu husema ilibadilisha Zanzibar kwa jiwe, ingawa Zanzibar haikuwa mali yake ya kubadilisha. Wazanzibari hawakuulizwa, wala watu wa Helgoland. Mwaka 1891 kisiwa hicho kiliwekwa chini ya wilaya ya Dithmarschen ya Kusini, na hivyo shughuli zake za kiserikali zikawa zinapelekwa Meldorf. Kilitengwa mwaka 1922, na tangu 1932 kiko chini ya wilaya ya Pinneberg.

Sura inayofuata haisomeki kwa raha. Mwishoni mwa miaka ya 1920 bei za mifugo ziliporomoka, benki zikapiga mnada mashamba, na wakulima wa pwani hii wakaasi. Mmoja wa viongozi wa uasi, Claus Heim, alitoka Dithmarschen, na ofisi za serikali zilitegwa mabomu. Wanazi waliikuta hasira hiyo imeiva. Waliikumbatia Hemmingstedt, wakamgeuza mkulima huru wa mwaka 1500 kuwa shujaa wa damu na udongo. Machi 1929 mapigano kati yao na wakomunisti katika kijiji cha Wöhrden yaliacha watu watatu wamekufa, na Hitler mwenyewe alikuja kwenye mazishi ya wafuasi wake wawili. Chama cha Wanazi kilipata kura nyingi huku kabla ya sehemu nyingi za Ujerumani. Mwaka 1935 Hitler alirudi kuzindua eneo jipya lililotekwa kutoka baharini na kupewa jina lake, ambamo familia zilipewa mashamba baada ya kuchujwa kwa utii wao. Mwaka 1945 eneo lilibadilishwa jina kuwa Dieksanderkoog. Tuta lilikuwa zuri. Halikuuliza limejengwa na nani. Lakini wanaopenda kusimulia kwamba wakulima hawa hawakuwahi kumpigia mtu magoti kwa hiari yao, inafaa wasimulie na hili.

Tarehe 26 Aprili 1970 wilaya mbili ziliunganishwa. Heide ilishinda tena, na Meldorf ikapoteza boma lake. Hata namba za magari zikawa na herufi tatu za Heide. Waliokuwa wakilalamika Meldorf walikuwa na hoja, kwa sababu ofisi ikihama, mwanasheria na mgahawa huifuata.

Leo halmashauri ya wilaya huchaguliwa kila miaka 5, nayo ndiyo humchagua mkuu wa wilaya. Bomani hushughulikia leseni za magari, usafiri wa wanafunzi, taka, vibali vya ujenzi, ustawi wa watoto. Sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa mchango wa lazima wa vijiji na miji iliyo chini yake, ndiyo maana bajeti ya kila mwaka ni mvutano. Na vijiji ni vingi mno: mamlaka zaidi ya 110, nyingine za watu mia na kitu. Kwa kuwa kijiji cha namna hiyo hakiwezi kuajiri hata mhasibu, vijiji huungana katika ofisi moja ya pamoja, lakini kila kimoja kinabaki na madiwani wake wasiolipwa mshahara. Moja ya ofisi hizo, ile ya upande wa mto Eider, mpaka sasa jina lake rasmi linataja parokia. Tuta kubwa la mbele lilichukuliwa na jimbo miaka ya 1970, ila mitaro na pampu za ndani zimebaki mikononi mwa ushirika wa wenye ardhi, wanaolipa ada na kupiga kura kama mababu zao.

Udongo uleule sasa hulimwa kabichi, hektari 2,800 hivi, juu yake kukiwa na mitambo ya upepo kila upande. Upepo huo ndio ulioileta kampuni ya Northvolt ya Sweden, iliyotaka kujenga kiwanda cha betri za magari nje ya Heide kwa mabilioni ya euro. Serikali ya Berlin ilikubali, jimbo lilikubali, Umoja wa Ulaya ukaidhinisha ruzuku. Ila ardhi ilikuwa ndani ya vijiji viwili, Lohe-Rickelshof na Norderwöhrden, na mpango wa matumizi ya ardhi hupitishwa na kijiji. Kwa hiyo Januari 2024 nchi nzima ilisubiri madiwani wa Norderwöhrden, kijiji cha watu kama mia tatu, wainue mikono. Waliipitisha. Machi 2024 kansela alikuja kuzindua ujenzi, na Machi 2025 kampuni mama ikaomba kufilisiwa Stockholm. Jambo hilo liliwarudia madiwani walewale, pamoja na barabara na mitaro iliyokuwa kwenye ajenda yao tangu zamani.